Stelingi aliyeshika maiki: kwa nini tunamtetea Joe wa "You"

Msichana anaingia katika duka la vitabu jijini New York. Blauzi imempwaya, mkononi ana bangili. Muuzaji bado hajamsemesha, lakini sisi watazamaji tunamsikia anavyowaza: nguo pana, kwa hiyo hakuja kutazamwa, ila bangili zinalialia, kwa hiyo kidogo anapenda kutazamwa. Wanazungumza, wanataniana, wanawasengenya wateja wengine. Kwenye kulipa, msichana anatoa kadi ya benki ingawa noti anazo. Muuzaji anakata shauri palepale: ametumia kadi ili nilijue jina lake.

Tusimame hapo. Mpaka sasa kilichotokea ni kimoja tu, mtu kanunua kitabu.

Ndivyo inavyoanza "You", tamthilia iliyotokana na riwaya ya Caroline Kepnes ya mwaka 2014 na kuletwa kwenye televisheni na Greg Berlanti na Sera Gamble. Ilianza kuonyeshwa Septemba 2018 kwenye chaneli ya Lifetime ya Marekani, ikapata watazamaji wachache, Lifetime ikaiacha. Netflix ikaiokota, na tarehe 26 Desemba mwaka huohuo ikaiweka mbele ya dunia. Wiki chache baadaye ikatangaza kwamba tamthilia ileile iliyokuwa imedoda ilikuwa njiani kufikia kaya milioni 40 ndani ya mwezi wa kwanza. Ikaenda misimu mitano, ikafungwa Aprili 2025. Nitaisimulia mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaitazama na unapenda kushtukizwa, rudi baadaye.

Muuzaji yule ni Joe Goldberg. Msichana ni Guinevere Beck, anasomea uandishi na anaota kuwa mwandishi. Kufikia mwisho wa msimu wa kwanza Joe amewaua watu kadhaa, Beck akiwa mmojawapo. Hata hivyo Januari 2019 mitandao ilijaa watu wanaomhurumia, wengine wanaomtamani kabisa. Mmoja alimwandikia Penn Badgley, mwigizaji wa Joe, akimwomba amteke. Alijibiwa hapana, asante. Mwingine akauliza huyu Joe ana nini hasa mpaka amguse moyo hivi. Badgley akajibu: ni muuaji.

Watu walicheka, lakini swali lilibaki. Inakuwaje mtu unamwona kwa macho yako anavunja nyumba ya mwanamke, anasoma meseji zake, anawafungia binadamu ndani ya kizimba cha vioo, na bado moyo wako uko upande wake? Majibu yaliyozoeleka ni kwamba mwigizaji ana sura nzuri, au kwamba wanawake wanapenda wanaume wabaya. La sura ni kweli kiasi. La pili ni uvivu wa kufikiri, tena halielezi kwa nini sisi wanaume tuliokuwa tunaitazama tulikaa upande uleule.

Jibu langu linatoka kwenye banda la video.

Waliokulia enzi za mikanda wanamkumbuka Lufufu hapa Dar. Kenya wanaye DJ Afro, na Kampala wana akina VJ Jingo. Hawa walichukua sinema ya Kichina au ya Kimarekani, wakashusha sauti yake, wakapandisha ya kwao. Bandani watu wote waligawanywa mafungu mawili: stelingi na adui. Aliyegawa hakuwa mwandishi wa sinema, alikuwa mwenye maiki. Akisema huyu jamaa ana roho nzuri ila wamemchokoza, banda zima linamtakia heri hata kama ndiye aliyeanza kurusha ngumi. Na stelingi ana haki zake: akiua, ana sababu. Akidanganya, ni mbinu. Akilia, tunalia naye.

Joe ni adui aliyenyakua maiki ya stelingi. Ujanja wa tamthilia nzima uko hapo. Picha zinaonyesha jambo moja, sauti inatutafsiria lingine, na sikio la binadamu lina kawaida ya kuliamini zaidi lile lililoelezwa kwa sauti ya upole. Angalia sehemu ya kwanza tu. Joe amejificha nyuma ya pazia la bafu nyumbani kwa Beck, kaingia bila ruhusa, mwenye nyumba karudi ghafla. Kwa macho, hiyo ni filamu ya kutisha. Kwa sauti, Joe anajipa moyo kwamba ametazama sinema za mapenzi za kutosha kujua kuwa wanaume kama yeye huingia kwenye vimbwanga vya namna hii. Nilicheka. Sekunde mbili baadaye ndipo nilipojiuliza nacheka nini.

Halafu kuna lile jina la tamthilia, "You", yaani "wewe". Joe hamsimulii Beck kama "yeye". Anamwita "wewe" kichwani mwake muda wote: wewe umevaa, wewe umecheka, wewe unahitaji mtu. Masikioni inafanana na barua ya mapenzi, na barua huwa ina mpokeaji. Hii haina. Beck haisikii hata sentensi moja ya maneno anayoambiwa, hawezi kukanusha, hawezi kusema nilitoa kadi kwa sababu noti nilizitunzia nauli. Yule "wewe" hana kinywa. Waandishi wamempa Joe kitu kingine cha kututuliza, nacho ni mtoto wa jirani, Paco, ambaye mama yake anaishi na mwanamume mpigaji. Joe anamlisha, anamwazima vitabu. Tunasema, anayempenda mtoto hivi hawezi kuwa mbaya wote, na hesabu hiyo ndiyo inayomwezesha kuendelea.

Sasa twende kwenye simu, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Usiku mmoja Beck amelewa, anaanguka kwenye reli kituo cha treni za chini ya ardhi. Joe, ambaye alikuwa anamfuata, anamvuta kabla treni haijafika. Wanaondoka pamoja kwa teksi, na simu ya Beck inabaki kwa Joe. Beck anaihesabu kuwa imepotea, ananunua nyingine, ila ya zamani haiondoi kwenye akaunti yake. Kuanzia hapo kila meseji inayoingia kwenye simu mpya inasomeka pia kwenye ile iliyo mfukoni mwa Joe. Malalamiko ya Beck kwa mashoga zake kuhusu wanaume, hofu zake za fedha, yale anayoyasema juu ya Joe mwenyewe, yote anayapata.

Watetezi wa Joe wana hoja moja yenye uzito: Beck alikubali. Hakulazimishwa kutoka naye, alimpenda, tena alimrudia baada ya kuachana. Tatizo ni kwamba mwanamume aliyemkubali hakuwapo. Alikuwa ametengenezwa kutokana na meseji zake mwenyewe. Beck anapenda nini, anakereka na nini, amuulize nini leo na anyamaze kuhusu nini, Joe alishasoma majibu kabla ya mtihani. Na pale ambapo rafiki angeweza kumtahadharisha, rafiki huyo aliondolewa duniani. Ridhaa inayotolewa mbele ya mtu anayejua kila kitu chako, wewe ukijua kumhusu kile tu alichoamua ukijue, ni ridhaa ya namna gani? Mwizi wa kadi ya benki naye huwa na namba ya siri iliyo sahihi.

Tatizo jingine ni la lugha. Kiswahili hakijatulia kwenye neno moja la kulitaja jambo hili. Tunasema kunyemelea, kama paka na panya. Tunasema kuvizia, lakini anayevizia hukaa mahali pamoja akingoja, wakati huyu hutembea nawe. Kuna kufuatafuata, kuna kuganda kama ruba, kuna king'ang'anizi. Mimi nachagua kuandama, kwa sababu tayari tunasema mikosi imemwandama mtu: kitu kinachorudi na kurudi bila kuitwa. (Mwandamaji, basi, asichanganywe na mwandamanaji mwenye bango.) Lakini sikiliza neno la vijiweni la kutongoza: "jamaa anamfukuzia yule dada." Kufukuzia! Uchumba wetu wa kawaida tumeuita mbio, na katika mbio mmoja anakimbia kwa sababu mwingine yuko nyuma. Ongeza mtaka cha mvunguni sharti ainame, ongeza mvumilivu hula mbivu, na imani ya vijiweni kwamba binti hakubali siku ya kwanza. Joe hakuhitaji kututungia falsafa mpya.

Mpaka basi uko wapi kati ya kufukuzia na kuandama? Si wingi wa maua wala urefu wa barua. Mtu akikuambia anakupenda, ukasema hapana, akaenda zake na huzuni yake, hiyo ni huzuni yake. Jambo linageuka pale hapana inaposikika na kuhesabiwa kuwa kikwazo cha kuzungukwa, au pale mtu anapohakikisha huulizwi kabisa ili usiweze kuisema. Joe ni wa aina ya pili, na ndiyo maana hatumwoni akikataliwa vya kutosha kumshuku.

Sheria nazo zilichelewa sana kuliona hili, kwa sababu inayoeleweka. Sheria ya jinai huuliza: tarehe gani, umefanya nini? Kuandama ukikukatakata tarehe kwa tarehe hubaki vipande visivyo na hatia. Kusimama upande wa pili wa barabara si kosa. Kutuma barua si kosa. Kuwa kwenye kituo kilekile cha treni si kosa. Askari anayeandika maelezo ya kipande kimoja anaona mlalamikaji mwenye woga na mwanamume mwenye adabu. Ubaya uko kwenye uzi unaovipitia vipande vyote.

Kilichoilazimisha Marekani kuuona uzi huo ni mauaji. Julai 1989, mwigizaji Rebecca Schaeffer, mwenye miaka 21, alifungua mlango wa anakoishi Los Angeles akapigwa risasi na mwanamume aliyekuwa na mawazo naye kwa miaka, ambaye hawakuwahi kuwa na uhusiano wowote. Anwani mtu huyo aliipata kwa kumlipa mpelelezi binafsi, naye akaichota kwenye kumbukumbu za idara ya magari, zilizokuwa wazi kwa aliyetaka. Mwaka 1990 California ikatunga sheria ya kwanza ya kuandama nchini humo, majimbo mengine yakafuata ndani ya miaka michache, na mwaka 1994 bunge la shirikisho likazifunga kumbukumbu za madereva. Uingereza ilianza na sheria ya unyanyasaji ya 1997, lakini ilingoja hadi 2012 kulitaja kosa lenyewe kwa jina lake. Polisi wa huko hufundishwa kutafuta mambo manne kwa pamoja: mtu amegota kwa mtu mmoja, amepagawa naye, hatakiwi, na anarudia. Hakuna swali kuhusu mapenzi hapo, kama yapo au hayapo.

Kwetu hali ni ya viraka. Kenya, sheria ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ya 2015 inakutaja kuandama waziwazi miongoni mwa aina za ukatili, ila imejengwa juu ya watu wenye uhusiano wa kinyumba au wa karibu, na muuzaji wa duka la vitabu si ndugu wala mwenza. Upande wa mtandao, kosa la unyanyasaji wa mtandaoni katika sheria ya Kenya ya 2018 linafikia faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa anayetuma ujumbe kwa nia ya kutisha, kulazimisha, kunyanyasa au kumtia mwingine msongo wa moyo. Uganda ilishaliingiza kosa hili katika sheria yake ya 2011 ya matumizi mabaya ya kompyuta, lakini inadai pawepo tishio. Ukizisoma za mtandao kwa pamoja unaona zinamfikiria mtu anayetuma. Joe hatumi. Joe anasoma, kimyakimya, na kunyamaza kwake ndiko kunakoogofya. Angepatikana, angenaswa kwa kuingia kwenye data zisizo zake, kosa ambalo masikioni linafanana na wizi wa umeme.

Kuna kitu kimoja ambacho tamthilia inatupotosha, na nisingependa kipite. Joe anaanza kama mgeni. Katika maisha mwandamaji hutokea mara nyingi zaidi kuwa mtu aliyekuwa ndani: mume wa zamani, mpenzi aliyeachwa. Watafiti wa Australia, Paul Mullen, Michele Pathé na Rosemary Purcell, waliwachambua waandamaji 145 katika utafiti uliochapishwa 1999 wakawagawa mafungu matano: aliyeachwa, anayetafuta ukaribu, asiyejua kutongoza, mwenye kinyongo, na mwindaji. Fungu kubwa lilikuwa la walioachwa. Joe ni mchanganyiko ambao daktari angepata shida kuuandikia jina. Mwaka 2017 timu ya Jane Monckton Smith wa Chuo Kikuu cha Gloucestershire ilipitia mauaji 358 ya wanawake Uingereza, ikakuta dalili za kuandamwa katika asilimia 94. Haina maana kwamba kila anayeandama huua. Ina maana kwamba ukirudi nyuma kutoka kwenye jeneza, mara nyingi nyayo unazikuta.

Na vifaa vimerahisika. Joe alihitaji simu ya kuokota. Tangu 2021 kumekuwa na vitambuzi vya Apple vya ukubwa wa kifungo cha koti, vilivyotengenezwa kutafutia funguo, ambavyo watu walianza kuvitumbukiza kwenye mikoba na magari ya wenzao. Ilifika Mei 2024 ndipo Apple na Google walipokubaliana kwamba simu za aina zote mbili zimwonye anayefuatwa na kifaa asichokijua.

Nikitaka kuijaribu hoja yangu ya maiki, ninayo tamthilia ya kuipimia. Aprili 2024 ilitoka "Baby Reindeer" ya Mskoti Richard Gadd, sehemu saba, na safari hii msimulizi ndiye anayeandamwa: mhudumu wa baa London aliyempa mteja mwenye huzuni kikombe cha chai cha bure. Mteja huyo, Martha, anamtumia baruapepe 41,071 na saa 350 za ujumbe wa sauti. Nani alimtamani Martha? Kwa kweli wengi walimwonea huruma, na Gadd alitaka hivyo, lakini hakuna aliyeomba atekwe naye. Kwa kuwa mwanzoni paliandikwa kwamba hii ni hadithi ya kweli, watazamaji wakaanza kumsaka mwanamke halisi wakitumia maandishi yake ya zamani mtandaoni, na ndani ya siku chache wakadai wamempata. Mwanamke akajitokeza, akakanusha mengi, Juni akaishtaki Netflix akidai dola milioni 170. Watu walitazama sehemu saba kuhusu ubaya wa kumwandama mtu, wakainuka kwenye makochi wakaenda kumwandama mtu.

Turudi kwa Joe, kwa sababu waandishi wake waliuona mtego walioutega, na misimu iliyofuata inasomeka vizuri zaidi ukiangalia maiki inakwenda mikononi mwa nani.

Msimu wa pili, Los Angeles, anapata mwanamke anayeitwa Love Quinn. Mwishoni, kwa dakika chache, maiki inahama. Love ndiye anayesimulia, na "wewe" sasa ni Joe: nilikuona, nikakuchunguza, nikakuchagua, nikaua kwa ajili yako. Maneno ni yaleyale ya duka la vitabu. Joe anachukizwa. Yaani mtu aliyeandika barua ileile mara mia anaipokea mara moja tu, na tumbo linamchafuka. Kwangu hiyo ndiyo dakika bora ya tamthilia yote.

Msimu wa tatu niupite, una ndoa na majirani na shoka. Wa nne uko London, 2023, na unafanya kitu cha hatari zaidi: unatuonyesha kwamba DJ mwenyewe haoni sinema. Joe anadhani yupo anayewaua matajiri waliomzunguka na anamtafuta, hadi tunapojua kwamba yule mtu aitwaye Rhys aliyekuwa akizungumza naye yumo kichwani mwake tu, na muuaji ni Joe. Tulimwamini atafsiri picha, kumbe kuna nyingine alikuwa anaificha hata nafsi yake.

Msimu wa mwisho unarudi New York, kwenye duka lilelile. Anakuja msichana mwingine wa vitabu, Bronte, na Joe anaanza wimbo wake. Safari hii msichana ameshamsoma Joe kabla Joe hajamsoma. Alimfahamu Beck, na amekuja kutafuta ukweli wa kifo chake. Ni lazima ukumbuke kwamba Joe, baada ya kumuua Beck, alichapisha kitabu cha marehemu akiwa amechomekea maneno yake mwenyewe ndani. Hata kaburini alimsemea. Bronte anamshikia bastola na kumtaka afute sentensi alizoongeza, moja baada ya nyingine, abaki Beck. Nimeona waliolalamika kwamba mwisho huo ulikuwa mrefu na wa kuhubiri. Una kuhubiri, sikatai. Ila kati ya adhabu zote walizoweza kumtungia, hiyo ya kalamu ndiyo iliyolenga alichoiba.

Kisha anakamatwa, anahukumiwa, Bronte anatusimulia wengine wameishia wapi. Kwa dakika kadhaa hatumsikii Joe kabisa, na kimya hicho kina raha yake. Halafu kamera inaingia gerezani. Joe amepokea barua ya shabiki, ya mahaba, inayoeleza mambo ambayo mwandishi wake angependa Joe amfanyie. Anaisoma. Ile sauti ya upole inarudi, inauliza kama tatizo pengine liko kwenye jamii, inasema huenda tatizo si yeye. Anaangalia moja kwa moja upande wetu, na lile neno alilompa Beck, na Love, na wote waliofuata, safari hii anatupa sisi: huenda ni wewe.